Kura za Kiangazi

Tanzania hupiga kura kiangazi. Tangu vyama vingi virudi, uchaguzi mkuu umefanyika Oktoba kila mara, isipokuwa mwaka 2005 uliposogezwa hadi Desemba baada ya kifo cha mgombea mwenza mmoja. Uchaguzi wa vijiji na vitongoji nao haukai mbali na hapo: 14 Desemba 2014, 24 Novemba 2019, 27 Novemba 2024. Sababu zinaeleweka. Barabara zinapitika, mikutano ya hadhara hainyeshewi, na mkulima wa mvua ameshaweka mahindi yake ndani. Lakini Malolo hatulimi kwa mvua peke yake.

Kata yetu iko pembeni kabisa mwa wilaya ya Kilosa, jimbo la Mikumi, pale Morogoro, Iringa na Dodoma zinapokaribiana. Msafiri wa Dar es Salaam anayekwenda Iringa hupita jirani bila kujua. Anaona mibuyu, anaona wauza vitunguu wa Ruaha Mbuyuni wakikimbilia madirisha ya basi, anadhani bonde lote ni kame. Kame ni kweli. Kinachotuweka hapa ni mito inayoteremka kutoka milimani, ukiwemo Mwega, ambao mwanzoni mwa miaka ya 2000 Wajapani walisaidia kuujengea skimu ya umwagiliaji. Nje ya skimu ipo mifereji ya asili iliyochimbwa na wazee kwa majembe, kila mmoja na zamu zake na ugomvi wake. Kwa maji hayo tunalima kitunguu, nyanya na mpunga. Yanayotuponyoka huishia Ruaha Mkuu, huingia bwawa la Kidatu na kuzungusha mitambo ya megawati 204, kisha hunywesha miwa huko chini. Kila tone la Malolo lina mdai mwingine anayelisubiri mbele.

Nilifundisha shule ya msingi katika kata hii, na kama walimu wengi wa vijijini nilikuwa napangiwa kazi ya ukarani kila kura zilipofika. Pembeni nilikodi kipande cha shamba mkiani mwa mfereji mmoja wa asili, nikilima kitunguu cha kusomeshea watoto. Kwa hiyo nilizijua foleni mbili: ya kura na ya maji. Watu walewale, kelele zilezile, na kwa bahati ya kalenda, miezi ileile. Oktoba na Novemba ndipo mfereji unaweza kuamka una maji ya kufika kifundoni na jioni ukabaki tope. Ndipo ng'ombe wanaposhuka mtoni kwa sababu juu hakuna nyasi. Ndipo moto unapopanda milimani. Na ndipo mtu mwenye kipaza sauti anaposimama chini ya mwembe kuuliza, "Mna kero gani?"

Sijawahi kuona swali hilo likikosa jibu.

Nianze na uchaguzi wa 2014, kwa sababu ndio ulionifundisha zaidi. Mfereji wetu ulikuwa na watu wa juu na watu wa chini. Wa juu, karibu na banio, walikuwa wanafungulia maji wanapotaka, na wengine walishaanza kulima mpunga kiangazi, zao linalotaka maji yasimame jarubani. Sisi wa chini tulipata zamu ya usiku wa manane, tena siku ambazo wa juu walikuwa wamechoka. Juu zaidi ya banio, kwenye kingo zenyewe za mto, kulikuwa na vinyungu, vibustani vya kiangazi. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 inakataza shughuli za kudumu za binadamu ndani ya mita 60 kutoka mtoni, na kila mwenye kinyungu anaijua namba hiyo kama anavyoijua namba yake ya simu. Kila mwaka, Julai hivi, viongozi hupita na mgambo kung'oa na kutoza faini. Mwaka ule hawakupita. Tulisubiri Agosti, tukasubiri Septemba. Mzee mmoja aliyekuwa na jaruba jirani na langu alicheka. "Mwalimu, unasubiri nini? Wale nao wana vidole vya kuchovya wino."

Kauli hiyo ndiyo iliyonifanya nianze kuangalia uchaguzi kwa jicho jingine. Wachambuzi wa redioni huuliza mgogoro utampa nani kura. Mimi nikaanza kuuliza kura zitaupa mgogoro nini. Kwa sababu kabla hata ya jina la mgombea kupitishwa, uchaguzi ulikuwa umeshafanya kazi yake mtoni: vinyungu vilikuwa vimeongezeka, mashine za kuvuta maji zikinguruma mchana kweupe, na kila aliyekuwa na madaraka ya kusema "acha" alikuwa anahesabu nyumba.

Kura za maoni za chama tawala katika kitongoji chetu zikawa vita vya juu na chini. Hakuna aliyesema hivyo hadharani. Hadharani yalisemwa mambo ya maendeleo, zahanati, madawati. Lakini ungechukua daftari la zamu za maji ukaliweka juu ya orodha ya waliompigia kila mtu, vingelingana karibu jina kwa jina. Mtu wetu wa chini akashindwa. Hakulalamika. Wiki ile ile akaonekana na kadi ya upinzani, na nyuma yake wakaja karibu wote waliokuwa wakipata maji usiku. Ninaweza kuapa kwamba wengi wao hawakuwa wamesoma ilani ya chama chochote. Mama mmoja, mjane aliyekuwa hakosi kikao cha kijiji, alinieleza kwa utulivu alipokuja kuuliza jina lake kwenye orodha ya wapiga kura: "Mwalimu, mimi ni CCM tangu TANU. Lakini mwaka huu nachagua zamu."

Akashinda yule wa chini. Usiku wa matokeo palipigwa ngoma hadi majogoo.

Sasa ndipo somo lilipo, na nadhani ndipo wengi wanaoandika juu ya mazingira na siasa wanapoishia mapema mno. Mwenyekiti mpya wa kitongoji alifanya alichoahidi. Alipanga zamu upya, akaweka mlinzi wa lango, akazuia mpunga wa kiangazi. Kwa msimu mmoja tulivuna kitunguu kikubwa kama ngumi. Msimu wa pili maji yakapungua tena, safari hii kabla hata hayajafika kwenye banio. Akapanda mlimani na wazee wachache, nami nikiwa mwandishi wao, kwenda kuzungumza na wenye vinyungu. Walitupokea vizuri mno. Walichinja kuku. Baada ya kula, mzee wao akasema bila ukali wowote, "Mwenyekiti, tunakuheshimu. Ila wewe ni mwenyekiti wa kwenu." Walikuwa kata nyingine. Diwani wao mwingine, mtendaji wao mwingine, na wakijumlisha kura zao hazikuwa na hata moja iliyopita kwenye boksi letu.

Mto haufuati mipaka ya kura. Malolo jambo hili ni kali kuliko sehemu nyingi kwa sababu ya mikoa ile mitatu. Anayekausha mfereji wako anaweza kuwa anapiga kura Mpwapwa, Dodoma. Anayekulaumu kwa kukausha wake yuko Kilolo, Iringa. Serikali inalijua tatizo. Ndiyo maana ikaunda mabonde ya maji yasiyofuata mikoa, letu likiwa Bonde la Rufiji, na Sheria ya Usimamizi wa Rasilimali za Maji ya 2009 ikaruhusu jumuiya za watumia maji zinazovuka mipaka ya vijiji. Ni wazo zuri. Tatizo la jumuiya hizo ni kwamba hazina mkutano wa kampeni, hazina fulana wala kanga. Mgombea hapati chochote kwa kuziimarisha, na hapotezi chochote zikifa.

Mwaka 2015 ukaja uchaguzi mkuu. Jimbo la Mikumi, lililokuwa mikononi mwa Abdulsalaam Amer wa CCM, lilikwenda kwa Joseph Haule wa CHADEMA, ambaye nchi nzima inamfahamu kama Profesa Jay. Vijana wetu walikuwa wanaijua "Ndio Mzee" kwa kichwa, wimbo aliomchekesha nao kila Mtanzania mwanzoni mwa miaka ya 2000 kwa kumwiga mwanasiasa anayeahidi hadi yasiyowezekana. Kejeli ya historia ni kwamba yule msanii sasa alikuwa anaomba kura za watu walewale aliowafundisha kutoziamini ahadi.

Je, migogoro ya ardhi na maji ndiyo iliyompa ubunge? Nisingependa kudanganya. Mwaka 2015 ulikuwa na upepo wake: Lowassa na muungano wa upinzani wa UKAWA, vijana waliojiandikisha kwa mara ya kwanza, na jina kubwa la mgombea mwenyewe. Jimbo lenyewe ni kubwa na kila pembe ina donda lake. Ruhembe na Kidodi ni miwa. Tindiga na Kilangali ni mafuriko, na ng'ombe kwenye mashamba. Vijiji vinavyopakana na Hifadhi ya Taifa ya Mikumi, iliyoanzishwa 1964, vinalala na ngoma za kufukuza tembo. Sisi ni maji. Nilichoona kituoni siku ile ni kidogo lakini nakiamini: watu waliokuwa wamevuka chama kwa sababu ya mfereji Desemba 2014 walivuka kirahisi zaidi Oktoba 2015. Ukishamnyima mtu zamu akakunyima kura ya kitongoji, kukunyima ya ubunge si dhambi tena. Ule mguu wa kwanza ndio mzito, na huinuliwa kwenye uchaguzi ambao magazeti hayauandiki.

Mwaka 2020 jimbo likarudi CCM, kwa Dennis Londo. Wabunge watatu katika chaguzi tatu. Waliokuwa wanadhani Mikumi ni jimbo la kurithi walijifunza kitu, ingawa mto haukuongezeka kimo.

Kuna watu ambao katika simulizi hii hawajatokea bado, na si kwa bahati. Wafugaji. Kilosa ina jeraha lao na la wakulima pamoja. Desemba 2000, Rudewa Mbuyuni, zaidi ya wakulima 30 waliuawa kwa siku moja. Oktoba 2008 damu ikamwagika tena wilayani humo, na mapema 2009 ikafuata operesheni ya kuondoa mifugo. Tazama miezi: Desemba, Oktoba. Mauaji ya Rudewa yalitokea wiki chache baada ya uchaguzi wa 29 Oktoba 2000, na sisemi kura ndizo zilizoyaleta. Nasema mahema ya kampeni hujengwa juu ya nyasi zilezile kavu.

Kwetu wafugaji ni wachache na wanahama, kwa hiyo kwenye orodha ya wapiga kura hawaonekani. Mgombea akisema "nitaondoa ng'ombe" anapigiwa makofi na watu 300 na kuchukiwa na watu ambao siku ya kura watakuwa wamefuata malisho kwingine. Ni ahadi rahisi kuliko zote. Ila nilishuhudia pia upande wake wa pili. Mzee mmoja wa Kiparakuyo, tajiri wa mifugo, alitoa dume kwa kila chama msimu mmoja wa kampeni, kwa usawa kabisa, na mwaka ule hakuna mkutano hata mmoja ambapo ng'ombe walitajwa. Mkulima ana kura, mfugaji ana dume. Vyote viwili husikilizwa, lakini dume halisimami kwenye foleni mchana, na hilo ndilo linalowauma wakulima hadi leo.

Kwa nini wafugaji wa Mabwegere, kule kaskazini mwa wilaya, walipigania kwa miaka mahakamani kijiji chao chenye usajili na mipaka? Nyasi ni sababu moja. Kijiji kina mwenyekiti, mwenyekiti ana muhuri, na penye muhuri pana watu wa kuombwa kura. Ngorongoro walilijua hilo kwa njia ya uchungu zaidi. Agosti 2024 vijiji vyao vilifutwa kwa tangazo la serikali, miezi mitatu kabla ya uchaguzi wa serikali za mitaa, na maelfu wakaifunga barabara kwa siku kadhaa. Mahakama Kuu kule Arusha ikasitisha tangazo, na viongozi wakaja kuahidi kurudisha huduma. Wengi walioutazama ule umati waliona mgogoro wa uhifadhi. Mimi, kwa ukarani wangu wa miaka mingi, niliona watu wanaodai jina lao lirudi kwenye karatasi iliyobandikwa ukutani.

Hapa ndipo ninaporudi kwenye kalenda, maana nikiipitia historia ya karibuni ya nchi hii ninaona mwendo unaojirudia. Machi 2013, Waziri wa Maliasili alitangaza kutenga kilomita za mraba 1,500 za Loliondo kwa ajili ya uhifadhi. Madiwani, wengi wao wa chama tawala, wakatishia kujiuzulu, na Septemba mwaka uleule Waziri Mkuu Pinda akaenda mwenyewe kutangaza kwamba mpango umesitishwa. Watu wakashangilia. Juni 2022, katikati kabisa ya chaguzi mbili, bikoni zikapigwa kwenye kilomita zilezile 1,500. Septemba 2019, miezi miwili kabla ya uchaguzi wa vijiji, serikali ilitangaza kuwa vijiji 920 kati ya 975 vilivyokuwa na migogoro na maeneo ya hifadhi vitabaki. Na nyuma zaidi, operesheni kubwa dhidi ya wafugaji wa bonde la Usangu ilikuja baada ya Desemba 2005 kupita. Miezi michache tu baada ya kura, mwaka 2006, amri ya kuwaondoa ikatoka ili kuuokoa Ruaha Mkuu, na mifugo ikatawanyika kuelekea mikoa ya kusini na mashariki. Kenya nao wana yao. Msitu wa Mau, chanzo cha mito, uliokuwa unavamiwa kwa vyeti vya ardhi vya kisiasa uligeuka mwiba wa Raila Odinga alipousimamia urejeshwaji wake kuanzia 2008. Alikuwa sahihi kuhusu maji, naamini hivyo, na bado mwaka 2013 kura za Wakalenjin zilizokuwa zake 2007 zilikwenda kwingine, ingawa Mau haikuwa sababu pekee.

Sijasema kwamba waliosamehewa hawakustahili kusamehewa. Baadhi ya vijiji vile 920 vilikuwepo kabla ya hifadhi. Ninachosema ni kwamba mwananchi mwenye mgogoro wa mazingira hupata kitu halisi mwaka wa uchaguzi, na kitu hicho ni muda. Anadhani amepewa haki. Kumbe amepewa kuahirishwa, na hati yake inaisha siku matokeo yanapobandikwa. Wenye vinyungu wa juu yetu waliachwa 2014, wakaachwa 2015, na Julai 2016 mgambo wakaja wakang'oa kila kitu, hata migomba iliyokuwa nje ya mita 60. Yule mzee aliyetuchinjia kuku alikuja sokoni Ruaha Mbuyuni kununua kitunguu. Nilimsalimu shikamoo, akaitikia, tukaongelea bei ya gunia na lumbesa, basi.

Halafu kuna hali mbaya zaidi ya kura kutumika vibaya, nayo ni kura kutokuwepo. Novemba 2019 wagombea wengi wa upinzani walienguliwa, vyama vikajitoa, na karibu vijiji vyote nchini vikapata viongozi bila kupingwa. Kwenye kitongoji chetu hapakuwa na foleni. Mgogoro wa maji haukujua kwamba uchaguzi umekwisha kabla haujaanza. Zamani ungekwenda kwenye boksi. Safari hii ulikwenda usiku kwenye lango la mfereji, likavunjwa kwa nyundo, na kijana mmoja akapasuliwa kichwa kwa mpini wa jembe. Kesi ilisuluhishwa kimila. Lango lilikaa miezi bila kutengenezwa kwa sababu kila upande ulisema ni upande mwingine uliolivunja. Nilizoea kuwasikia wasomi wakilalamika kwamba wanakijiji hupiga kura kwa mambo madogo ya mfereji badala ya sera. Waliokuwa pale usiku ule wangependa sana watu wapige kura kwa mambo ya mfereji.

Nilipostaafu niliingia kwenye kamati ya watumia maji, na nikapeleka pendekezo ambalo nilidhani ni la busara. Viongozi wa maji wasichaguliwe kiangazi. Wachaguliwe Mei, mto ukiwa umejaa, watu wakiwa wametulia na hakuna chama kinachozunguka na magari. Wa juu waje, wa kata jirani waje, wote wapige kura moja kwa mto mmoja. Wajumbe karibu wote walikubali. Yule mama mjane, ambaye sasa ana wajukuu wanaolima majaruba yake, ndiye pekee aliyetikisa kichwa. "Mei, mwalimu? Maji yapo kila mahali. Nani ataacha palizi aje?"

Tuliitisha mkutano Mei. Walikuja watu kumi na wawili na akidi haikutimia. Tukauahirisha hadi Septemba.